Dream Theater na 'Parasomnia': Miaka 13 ya utengano yafika tamati

BENDI kongwe ya Marekani ya Dream Theater, ambayo kwa zaidi ya miongo mitatu imekuwa ikihesabiwa miongoni mwa vinara wa muziki wa metali ya progresivu, ilitoa albamu yake ya 16 Februari 7, 2025. Albamu hiyo inaitwa 'Parasomnia', ina vibao vinane na inachukua dakika 71 kusikilizwa yote.

Kwa bendi yenye umri wa miaka 40, kutoa albamu nyingine si habari kubwa. Kilichoifanya 'Parasomnia' isubiriwe kwa hamu ni jina la mtu aliyeketi nyuma ya dramu. Mike Portnoy, mmoja wa waasisi watatu wa bendi hiyo, aliondoka Septemba 2010 katika mazingira yaliyowaacha wenzake na majonzi, na wapenzi wa bendi wakigawanyika. Alitangazwa kurejea Oktoba 25, 2023. Hii ndiyo albamu ya kwanza aliyoshiriki tangu 'Black Clouds & Silver Linings' ya mwaka 2009.

Swali ambalo wengi walijiuliza lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: je, ushirika uliovunjika hadharani unaweza kuungwa tena, au watu hurejea tu kwa sababu ya fedha za ziara? Makala haya yanaeleza historia ya bendi hiyo, chanzo cha mfarakano wake, kilichomo ndani ya albamu, na jibu ambalo albamu yenyewe inalitoa.

Metali ya progresivu ni nini?

Kwa msomaji ambaye hajazoea muziki wa roki, ni vema kueleza kwanza aina yenyewe ya muziki. Hevi metali ilikua nchini Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kupitia bendi kama Black Sabbath. Alama zake ni magitaa ya umeme yenye mngurumo mzito, dramu zinazopigwa kwa nguvu na sauti ya juu. Katika miaka hiyo hiyo, bendi kama Yes, Genesis na King Crimson zilikuwa zikitunga roki ya namna nyingine, yenye nyimbo ndefu za sehemu nyingi, iliyoazima mbinu kutoka muziki wa kiklasiki na jazi. Hiyo iliitwa roki ya progresivu. Bendi ya Rush ya Canada ilikuwa miongoni mwa zilizoisogeza karibu na uzito wa metali.

Metali ya progresivu ni ndoa ya mikondo hiyo miwili. Katika miaka ya 1980 ilijengwa Marekani na bendi kama Queensrÿche na Fates Warning, na Dream Theater ndiyo iliyoifikisha kwa umma mpana.

Jambo linaloutofautisha zaidi muziki huu ni hesabu ya mapigo. Nyimbo nyingi tunazozisikia redioni huhesabiwa nne nne, na msikilizaji wa pwani aliyezoea chakacha anaijua pia hesabu ya sita. Wanamuziki wa metali ya progresivu hupenda kuhesabu tano, saba, tisa na hata zaidi, tena wakabadilisha hesabu mara kadhaa ndani ya wimbo mmoja. Mguu wa msikilizaji unaotaka kugonga sakafu hujikuta umetangulia au umechelewa. Kwa mgeni, hali hiyo huleta mashaka. Kwa aliyezoea, ndiyo raha yenyewe, sawa na anayefuatilia hadithi asiyejua ukurasa ujao umebeba nini.

Mzigo mkubwa wa kazi hiyo humwangukia mpiga dramu, kwa kuwa yeye ndiye anayewashikia wenzake hesabu. Ndiyo maana katika muziki wa aina hii kuondoka kwa mpiga dramu si jambo dogo.

Kutoka chuoni Boston

Historia ya Dream Theater inaanzia katika Chuo cha Muziki cha Berklee, mjini Boston, mwaka 1985. Vijana wawili waliokua pamoja katika mji wa Kings Park, Long Island, mpiga gitaa John Petrucci na mpiga besi John Myung, walikutana chuoni hapo na Portnoy, naye mzaliwa wa Long Island. Wote watatu walizaliwa mwaka 1967. Myung alikuwa ameanza muziki kwa fidla akiwa na umri wa miaka mitano kabla ya kuhamia gitaa la besi.

Bendi yao iliitwa kwanza Majesty. Kwenye kinanda walimweka Kevin Moore, rafiki wa Petrucci tangu utotoni. Jina hilo lilibidi liachwe baada ya bendi nyingine kudai kuwa ni lake, na baba yake Portnoy ndiye aliyependekeza Dream Theater, jina la ukumbi wa sinema uliokuwa mjini Monterey, California.

Albamu ya kwanza, 'When Dream and Day Unite', ilitoka mwaka 1989 ikiimbwa na Charlie Dominici. Haikuuza vizuri, na mwimbaji huyo akaachana na bendi. Mwaka 1991 alipatikana James LaBrie kutoka Canada, na mwaka uliofuata ikatoka 'Images and Words'. Kibao chake cha kwanza, 'Pull Me Under', chenye zaidi ya dakika nane, kilipigwa mno redioni na katika televisheni ya MTV nchini Marekani, jambo ambalo halikutarajiwa kwa wimbo wa urefu huo. Albamu hiyo ilifikia kiwango cha mauzo ya dhahabu.

Njia haikuwa nyoofu baada ya hapo. Moore aliondoka wakati albamu ya 'Awake' ya 1994 ikikamilishwa. Mwishoni mwa mwaka huo LaBrie aliumia koo kutokana na kutapika sana baada ya kula chakula kibaya akiwa mapumzikoni Cuba, na sauti yake ilichukua miaka kurejea katika hali yake. Derek Sherinian alipapasa kinanda kwa miaka michache, kisha mwaka 1999 nafasi hiyo ikachukuliwa na Jordan Rudess, aliyeanza masomo ya piano katika shule ya Juilliard ya New York akiwa na miaka tisa.

Kwa watu hao watano, yaani Petrucci, Myung, Portnoy, LaBrie na Rudess, ilianza enzi ambayo wapenzi wengi wa bendi huiona kuwa ya neema. 'Metropolis Pt. 2: Scenes from a Memory' ya mwaka 1999 ilisimulia mwanzo hadi mwisho kisa kimoja cha mauaji ya mwaka 1928. 'Six Degrees of Inner Turbulence' ya mwaka 2002 ilikuwa na wimbo mmoja wa dakika 42. Mwaka 2009, 'Black Clouds & Silver Linings' ilifika nafasi ya sita katika chati ya albamu 200 ya jarida la Billboard, mafanikio makubwa kwa muziki usiotafuta umaarufu wa redioni.

Mfarakano wa mwaka 2010

Ili kuelewa uzito wa kilichotokea mwaka 2010, ni lazima kufahamu nafasi aliyokuwa nayo Portnoy. Hakuwa mpiga dramu tu. Tangu mwaka 1999 alikuwa mtayarishaji mwenza wa albamu zote pamoja na Petrucci. Ndiye aliyepanga nyimbo zitakazopigwa kila usiku wa ziara, akihakikisha mashabiki wa mji mmoja hawasikii orodha ile ile waliyoisikia mara iliyopita. Alitunga mashairi, aliitikia, alisimamia picha za video na alikuwa kiungo kati ya bendi na mashabiki.

Ndani ya kazi hiyo aliweka pia maisha yake. Kati ya mwaka 2002 na 2009 alitunga mfululizo wa nyimbo tano, mmoja katika kila albamu, zinazofuata hatua 12 zinazotumiwa na watu wanaojinasua kutoka ulevi. Ilikuwa ni safari yake mwenyewe, nao wenzake waliipiga pamoja naye hadi ikakamilika.

Mwaka 2010 Portnoy alikuwa akiisaidia bendi ya Avenged Sevenfold, ambayo mpiga dramu wake alikuwa amefariki dunia Desemba 2009. Aliwapendekezea wenzake wa Dream Theater mapumziko marefu baada ya miaka mingi ya kurekodi na kuzuru bila kupumzika. Wenzake hawakukubali. Septemba 8, 2010 alitangaza kuondoka.

Haikuchukua muda kabla mambo hayajageuka. Ushirikiano wake na Avenged Sevenfold ulikoma mwishoni mwa mwaka huo huo, na kwa maelezo aliyoyatoa mwenyewe hadharani, aliomba kurudi lakini akakuta mlango umefungwa. Wenzake walikuwa wameshampata mtu mwingine.

Mchango wa Mike Mangini

Mtu huyo ni Mike Mangini, na hakuna maelezo ya haki kuhusu kurejea kwa Portnoy yanayoweza kumruka. Wapiga dramu saba mashuhuri walialikwa New York kufanyiwa majaribio Oktoba 2010. Mangini, aliyekuwa mwalimu katika chuo kile kile cha Berklee na aliyewahi kupiga na Annihilator, Extreme na Steve Vai, alishinda na kuiacha ajira yake ya ualimu.

Alidumu na bendi hiyo kwa miaka 13, akarekodi nayo albamu tano. Katika ya kwanza kati ya hizo, 'A Dramatic Turn of Events' ya mwaka 2011, alikuta muziki umekwishatungwa na sehemu za dramu zimekwishapangwa na Petrucci kwa kompyuta. Kazi yake ikawa kuzitafsiri kwa mikono na miguu. Ilipofika 'Distance over Time' ya mwaka 2019, bendi nzima iliishi na kutunga pamoja katika nyumba moja kwenye eneo la Monticello, jimbo la New York.

Kisha ikaja 'A View from the Top of the World' ya mwaka 2021. Kibao chake cha kwanza, 'The Alien', kiliipatia Dream Theater tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa metali, Aprili 3, 2022. Ilikuwa tuzo yake ya kwanza ya Grammy baada ya kuteuliwa mara mbili bila mafanikio, na ilipatikana wakati mwasisi wake akiwa nje ya bendi. Kwa maneno mengine, Dream Theater haikumrejesha Portnoy kwa sababu ilikuwa imeshindwa bila yeye.

Njia ya kurejea

Urafiki ulitangulia muziki. Familia za waasisi hao zilikuwa na uhusiano wa miaka mingi, kwani wake za Petrucci, Myung na Portnoy waliwahi kupiga pamoja katika bendi ya metali ya wanawake ya Meanstreak. Milango ya nyumba haikufungwa kabisa hata pale ambapo mlango wa studio ulikuwa umefungwa.

Mwaka 2020 Petrucci alitoa albamu yake binafsi, 'Terminal Velocity', na dramu zote zilipigwa na Portnoy. Mwaka 2021 wawili hao, pamoja na Rudess na mpiga besi Tony Levin, walifufua kundi lao la Liquid Tension Experiment na kutoa albamu ya tatu, zaidi ya miaka 20 baada ya ile ya pili.

Aliyebaki ni LaBrie. Yeye na Portnoy walikuwa hawajasemezana kwa zaidi ya muongo mmoja. Machi 2022 Portnoy alikwenda kuitazama Dream Theater ikitumbuiza New York. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona bendi aliyoiasisi akiwa miongoni mwa watazamaji. Baada ya onyesho alikutana na LaBrie nyuma ya jukwaa, na ukimya ukavunjika.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, kurejea kwake kulitangazwa. Mangini aliaga kwa heshima, bila malumbano hadharani. Oktoba 20, 2024, kikosi cha mwaka 1999 kilipanda tena jukwaani katika ukumbi wa O2 jijini London, kufungua ziara ya kuadhimisha miaka 40 ya bendi. Dominici, mwimbaji wa albamu ya kwanza, hakuishi kuyaona hayo. Alifariki dunia Novemba 2023.

Albamu kuhusu usingizi

'Parasomnia' ni neno la kitabibu linalojumlisha mambo yasiyo ya kawaida yanayompata mtu akiwa usingizini au akiwa katika mpaka wa usingizi na kuamka: kutembea usingizini, kupiga mayowe ya hofu usiku, kutenda vitendo bila kujitambua, na kuamka huku mwili umekufa ganzi. Jina hilo linacheza pia na jina la bendi, kwani ndoto zilikuwamo tangu siku ile ya sinema ya Monterey.

Albamu ilirekodiwa katika studio ya bendi yenyewe huko Long Island, ikatolewa na kampuni ya InsideOut Music. Mtayarishaji ni Petrucci, sauti zilichanganywa na Mwingereza Andy Sneap, na picha ya jalada ni ya Hugh Syme, msanii ambaye kwa miaka mingi alibuni majalada ya Rush.

Inafunguliwa na 'In the Arms of Morpheus', muziki mtupu usio na uimbaji, unaoanza kwa sauti za mtu anayejiandaa kulala. Morpheus ni mungu wa ndoto katika hekaya za Wagiriki wa kale. Hapo ndipo linaposikika kwa mara ya kwanza fungu la noti ambalo hujitokeza tena katika sehemu mbalimbali za albamu, kila mara likiwa limevaa vazi jingine.

'Night Terror', kibao cha kwanza kutangulizwa sokoni, Oktoba 2024, kinahusu hofu kuu ya usiku. Madaktari huitofautisha hali hiyo na ndoto mbaya ya kawaida. Ndoto mbaya humpata mtu katika usingizi wa ndoto na mara nyingi huikumbuka asubuhi. Hofu kuu ya usiku humpata katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku, akapiga kelele na kutweta, lakini kesho yake mara nyingi hakumbuki lolote. Muziki umefuata maana hiyo: unakuja kwa kishindo na hauombi ruhusa.

'A Broken Man' inamzungumzia askari aliyetoka vitani akiwa mzima wa mwili, lakini anayerudishwa vitani kila anapofumba macho. 'Dead Asleep', yenye dakika 11, imetokana na kisa cha kweli cha mwanamume aliyemwua mkewe akiwa usingizini, akiota kuwa anapambana na mvamizi. Huo ndio wimbo mgumu zaidi kuusikiliza katika albamu yote, si kwa sababu ya mapigo yake, bali kwa sababu ya swali unalolibeba: mtu ahukumiwe vipi kwa alilotenda bila kujua?

Mashairi ya 'Midnight Messiah' yametungwa na Portnoy, na ni ya kwanza kutoka kwake kwa bendi hiyo tangu mwaka 2009. Ndani yake amepachika vidokezo vya nyimbo za zamani za Dream Theater, kama mtu aliyerudi nyumbani na kugusa fanicha moja moja kuhakikisha bado ipo. Baada ya daraja fupi la dakika moja na nusu, inafuata 'Bend the Clock', wimbo wa taratibu unaomalizika kwa gitaa la Petrucci likiachiwa liimbe peke yake hadi linapofifia.

Jinamizi la dakika 19

Wimbo wa mwisho, 'The Shadow Man Incident', unachukua zaidi ya dakika 19 na ndio kilele cha albamu. Unahusu kupooza usingizini. Wakati wa usingizi wa ndoto, ubongo hulegeza misuli ya mwili ili mtu asitende anayoyaota. Inapotokea fahamu zikaamka kabla misuli haijafunguliwa, mtu hujikuta macho yameona chumba, masikio yanasikia, lakini hawezi kuinua hata kidole. Wengi huhisi uzito kifuani na kumwona mtu wa kivuli amesimama karibu na kitanda.

Waingereza na Wamarekani wanahitaji maneno mawili ya kitabibu kueleza hali hiyo. Kiswahili kinalo neno moja la siku nyingi: jinamizi. Bibi zetu walipokuwa wakisema mtoto amekabwa na jinamizi, walikuwa wakieleza hasa jambo ambalo bendi hii imelitungia wimbo. Hata taharuki ya Popobawa iliyozikumba Pemba na Unguja mwaka 1995, ambapo watu walilala nje kwa makundi wakiogopa kuvamiwa usiku, baadhi ya watafiti wameihusisha na hali hiyo hiyo ya kupooza usingizini. Msikilizaji wa Afrika Mashariki anaweza kuwa mgeni wa magitaa haya, lakini huyo mtu wa kivuli si mgeni kwake.

Kimuziki, wimbo huo unapita katika sehemu nyingi. Petrucci na Rudess hukimbizana kwa kasi, besi ya Myung yenye nyuzi sita inafuata kwa ukaribu, na Portnoy anahama kutoka hesabu moja hadi nyingine huku kila zamu ikisikika kuwa na sababu yake. Hapo ndipo inapodhihirika tofauti yake na Mangini. Mangini ni fundi wa usahihi ambaye huenda hana mpinzani kwa ufundi wa mikono. Portnoy hupiga kama mtunzi: anajua wapi wimbo unahitaji dramu zinyamaze, na wapi kosa dogo la makusudi litaleta uhai.

Udhaifu wake

Albamu haikosi kasoro. Kwanza, haifungui njia mpya. Aliyeisikiliza 'Train of Thought' ya mwaka 2003 atatambua mara moja giza na uzito wa magitaa, na mpangilio wa kufunga kwa wimbo mrefu ni desturi ambayo bendi imeirudia tangu zamani. Pili, LaBrie, aliyekuwa na umri wa miaka 61 albamu ilipotoka, haimbi tena katika vilele vya sauti alivyovifikia mwaka 1992. Ametungiwa sauti za chini zaidi, na uamuzi huo ni wa busara, lakini pengo linasikika. Tatu, zipo sehemu ambazo ufundi wa vidole unatangulia mbele ya wimbo, tatizo ambalo wakosoaji wa bendi hii wamelitaja kwa miaka 30.

Hata hivyo, albamu ilipokewa vizuri. 'Night Terror' ilikuwamo katika uteuzi wa tuzo za Grammy uliotangazwa Novemba 2025, na katika ziara ya Marekani Kaskazini ya msimu huo bendi iliipiga 'Parasomnia' yote, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Bendi nyingi za umri huo hupiga nyimbo mbili tatu mpya kwa adabu, kisha hurudi kwenye zile ambazo watu wamezilipia kiingilio.

Jibu la swali

Turudi katika swali la mwanzo. Jibu lake limo katika maandishi madogo ya ndani ya jalada, mahali wanapotajwa watu na kazi zao. Mtayarishaji ametajwa mmoja tu, John Petrucci. Portnoy, ambaye kwa miaka kumi aliandikwa pembeni yake katika nafasi hiyo, safari hii hayumo. Kati ya nyimbo zenye mashairi, ametunga mashairi ya mmoja. Mtu aliyeondoka akiwa msimamizi wa karibu kila jambo amerejea akiwa mmoja wa watano.

Wenzake nao wametoa sehemu yao. Wangeweza kumfanya mwajiriwa wa kuja kupiga alichopangiwa kwa kompyuta. Badala yake walikaa naye studio wakatunga pamoja, wakampa nafasi ya kuandika na kuipindua hesabu ya mapigo apendavyo. Pande zote mbili zimepunguza madai yao, na kilichopatikana ni muziki wa watu wanaosikilizana.

Ikumbukwe pia kwamba suluhu hiyo ilikuwa na gharama, nayo ilimwangukia Mangini, aliyeitunza nyumba kwa miaka 13, akaiachia tuzo ukutani, kisha akakabidhi ufunguo. Wapenzi wa bendi wanaofurahia kurejea kwa Portnoy wana deni la shukrani kwake, kwani bila yeye pengine pasingekuwapo na bendi ya kurejea.

ALBAMU 16 ZA STUDIO ZA DREAM THEATER

When Dream and Day Unite (1989)
Images and Words (1992)
Awake (1994)
Falling into Infinity (1997)
Metropolis Pt. 2: Scenes from a Memory (1999)
Six Degrees of Inner Turbulence (2002)
Train of Thought (2003)
Octavarium (2005)
Systematic Chaos (2007)
Black Clouds & Silver Linings (2009)
A Dramatic Turn of Events (2011)
Dream Theater (2013)
The Astonishing (2016)
Distance over Time (2019)
A View from the Top of the World (2021)
Parasomnia (2025)

Dramu za albamu kumi za kwanza na ya 16 zimepigwa na Mike Portnoy. Za albamu ya 11 hadi ya 15 zimepigwa na Mike Mangini. Kwa msomaji anayetaka kuanza, 'Images and Words' ndiyo mlango mwepesi zaidi, 'Scenes from a Memory' ndiyo inayopendwa zaidi na mashabiki wa siku nyingi, na 'Parasomnia' isikilizwe usiku, taa zikiwa zimezimwa, bila kurukaruka nyimbo.